Muulizeni Mgonjwa Habari za Fizi Zake

Barua ya wazi kwa Waganga Wakuu wa Wilaya na Halmashauri, Tanzania Bara

Yah: Ugonjwa wa fizi unaopita mbele ya kliniki zenu bila kuulizwa

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na mwenye kuhusika zaidi ni mgonjwa. Chukulieni mfano wa mama wa miaka 46, muuza samaki, anayeishi na kisukari. Kila mwezi hufika kliniki alfajiri bila kunywa chai, hupimwa sukari na shinikizo la damu, huulizwa kuhusu macho na ganzi ya miguu, huchukua dawa dirishani na kurudi sokoni. Hakuna anayemuuliza kama fizi zake hutoka damu akipiga mswaki. Yeye mwenyewe hasemi, kwa sababu haumwi. Damu anaiona kila asubuhi na amekwisha kuizoea. Jirani yake naye damu inamtoka, na marehemu mama yake alikuwa hivyo hivyo. Miaka inapita, meno ya mbele yanaanza kuachana, halafu moja linacheza kila ulimi unapoligusa, halafu linauma. Hapo ndipo anapoandikiwa kwenda chumba cha meno. Anachomwa ganzi, jino linatoka, na katika rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, anahesabiwa kuwa mgonjwa aliyepata huduma.

Mama huyo ni wa mfano, lakini njia aliyopita inajulikana, na hakuna hatua hata moja iliyokiuka taratibu. Ndiyo maana barua hii imeandikwa.

Huenda mtu akauliza kwa nini haikutumwa Dodoma, wizarani. Huko juu maneno yamekwisha kusemwa. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ulipitisha azimio la afya ya kinywa. Mwaka 2022 shirika hilo likatoa ripoti iliyokadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa wa namna moja au nyingine, na kwamba ugonjwa mkali wa fizi peke yake una zaidi ya watu bilioni 1. Mwaka 2023 ukafuata mpango wa utekelezaji unaoishia 2030. Lakini azimio halimwangalii mtu kinywani. Anayeamua kama muuguzi wa kliniki ya kisukari atapewa tochi na kioo kidogo cha meno, na kama chumba cha meno kitanunuliwa vyuma vya kukwangulia au koleo nyingine ya kung'olea, ni yule anayesaini mpango wa afya wa halmashauri.

Ugonjwa wenyewe hauna fumbo kubwa. Pale jino linapoingia kwenye ufizi hujengeka utando laini wa bakteria, ukoga, ule ambao ulimi huuhisi asubuhi. Mswaki huuondoa. Usipoondolewa, ndani ya siku chache madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha ukawa ugaga, na ugaga ukishashika hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoubandua. Mwili nao hujibu: damu hujaa eneo hilo, ufizi huvimba, na ukiguswa kidogo tu hutoka damu. Mpaka hapo mfupa bado mzima na kila kitu kinaweza kurudi kama kilivyokuwa.

Jambo hilo lilithibitishwa zamani, kwa njia ambayo kamati ya maadili ya leo ingeiwekea masharti mengi. Mwaka 1965, mjini Aarhus nchini Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi zenye afya, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Wote 12 waliugua fizi, wengine baada ya siku 10 tu, na hakuna aliyevuka siku 21. Waliporudishiwa miswaki yao, fizi zilipona katika muda wa wiki moja hivi. Hawakupewa dawa yoyote.

Matata huanza ugonjwa unaposhuka chini ya ufizi. Mwili ukiendelea kupambana kwa miezi na miaka, mapambano hayo hula nyuzi zinazoshikilia jino, kisha hula mfupa wa taya. Baina ya jino na ufizi hutokea mfuko. Kwa mtu mwenye afya upenyo huo una kina cha milimita 1 hadi 3. Ukifika 4 ni mfuko wa ugonjwa, na ukifika 6 mswaki hauna la kufanya huko chini, hata uwe wa bei gani. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Matibabu huusimamisha ugonjwa. Alichopoteza mgonjwa hurudi kidogo tu, tena kwa upasuaji ambao wengi hawaumudu. Kwa hiyo miaka ile ambayo mama wa sokoni alitema mate mekundu bila kuulizwa ndiyo miaka iliyokuwa na thamani.

Dalili zinaweza kuonwa na muuguzi, mkunga, hata mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Damu ndiyo ya kwanza, iwe kwenye mswaki, kwenye mate au kwenye embe aliloling'ata mtu. Kuhusu rangi, tahadhari inahitajika, kwa kuwa picha nyingi za vitabuni zimetoka ng'ambo na huonyesha ufizi wa waridi kana kwamba ndio kipimo cha afya. Fizi za Mwafrika zinaweza kuwa za waridi, za kahawia au zenye mabaka meusi, na zote zikawa nzima. Kinachotafutwa ni mabadiliko: ukingo uliokuwa mkavu na uliobana jino sasa unang'aa na umetuna, na ncha ya ufizi iliyojaza nafasi kati ya meno mawili imekuwa butu au imenywea. Baadaye huja harufu ya kinywa isiyosikia mswaki, meno yanayoonekana kurefuka, usaha ufizi ukibonyezwa, na chakula kunasa mahali ambapo zamani hakikunasa.

Mwanya nao una habari yake. Mwanya wa kuzaliwa ni urembo na hakuna anayegombana nao. Mwanya unaojitokeza mtu akiwa na miaka 40, meno ya juu yakianza kusogea mbele na kutawanyika, ni mfupa unaoondoka, na mwenye nao anafaa kuelekezwa chumba cha meno hata kama alikuja kliniki kwa jambo lingine kabisa.

Kwa mvuta sigara dalili ya kwanza hudanganya. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi zake hazitoki damu sana na kwa macho zinaonekana tulivu, huku mifuko ikizidi kuchimbika. Wapo pia wanaotumia fenitoini kwa ajili ya kifafa au nifedipini kwa ajili ya presha, ambao fizi zao zinaweza kukua hadi kufunika nusu ya meno. Wengi wao hawakuambiwa kwamba dawa inahusika. Waambiwe, na papo hapo waambiwe wasiiache kabla ya daktari kuamua. Na si kila doa ni ugonjwa. Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi, rangi ya kahawia kwenye meno imo ndani ya jino lenyewe tangu utotoni. Haitoki kwa kukwanguliwa, haihusiani na uchafu, na mwenye nayo anaweza kuwa na fizi nzuri kuliko za daktari anayemtazama.

Kuna jambo ambalo wahamasishaji wengi wa afya ya kinywa huliruka, na kwa Mganga Mkuu mwenye bajeti finyu ndilo la maana kuliko yote. Ugonjwa huu hauwaadhibu watu sawasawa. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985 Löe yule yule na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 waliokuwa vibarua wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na mazoea ya mswaki wala hawakuwa wamewahi kumwona daktari wa meno. Meno yao yote yalikuwa na ukoga na ugaga, na fizi zilikuwa zimevimba karibu kwa kila mmoja. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda waligawanyika: asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 hawakuvuka kabisa hatua ya fizi kuvimba. Huku nyumbani, utafiti wa Vibeke Baelum na wenzake kwa watu wazima wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 1986, na ule alioufanya pamoja na Ole Fejerskov na Firoze Manji wilayani Machakos, Kenya, ulionyesha picha inayofanana. Ugaga na fizi zinazotoka damu vilikuwa vimetapakaa, ilhali uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umerundikana kwa watu wachache.

Kama kila mwenye fizi zinazotoka damu angekuwa njiani kupoteza meno, Mganga Mkuu angekuwa na haki ya kukata tamaa, kwa sababu hakuna wilaya yenye uwezo wa kumkwangua ugaga kila mkazi wake. Lakini wanaoharibika haraka ni sehemu ndogo, na sehemu kubwa ya hao inajulikana kwa majina. Majina yao yamo kwenye mafaili ya kliniki ya kisukari. Wengine wamo katika kliniki za CTC, za watu wanaoishi na VVU. Wengine ni wavutaji wa sigara wanaotibiwa presha na kifua katika hospitali hiyo hiyo. Wamekwisha kupanga foleni. Hakuna haja ya gari la kuwafuata vijijini.

Kisukari ndicho kinachoongoza. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa ana hatari ya kupata ugonjwa mkali wa fizi inayokaribia mara 3 ya ile ya mtu mwingine, na mwaka 1993 Löe aliandika kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa madhara ya 6 ya kisukari, kando ya yale ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu na vidonda visivyopona. Uhusiano huo una njia mbili. Sukari nyingi hudhoofisha ulinzi wa fizi, na fizi zilizovimba kwa muda mrefu hupeleka uvimbe wake kwenye damu na kuifanya insulini ishindwe kazi yake.

Je, fizi zikitibiwa sukari hushuka? Ukweli unadai habari yote itolewe. Mwaka 2013 utafiti mkubwa wa Marekani ulikatisha tamaa: wagonjwa walisafishwa meno, wakafuatiliwa kwa miezi 6, na sukari haikutikisika. Wakosoaji wakajibu kwamba fizi zenyewe zilikuwa bado zinatoka damu baada ya tiba, yaani kilichopimwa ni tiba iliyofanyika nusunusu. Mwaka 2018 timu ya Francesco D'Aiuto jijini London iliwatibu kwa kina wagonjwa wa kisukari wenye ugonjwa wa fizi, 264 kwa jumla pamoja na kundi la kulinganisha, na baada ya miezi 12 kipimo cha wastani wa sukari, HbA1c, kilikuwa chini kwa asilimia 0.6 upande wa waliotibiwa. Mwaka 2022 wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti 35 na kukuta wastani wa kushuka kwa asilimia 0.43 ndani ya miezi 3 hadi 4. Si muujiza. Lakini kidonge kipya kinacholeta punguzo la namna hiyo hufanyiwa semina hotelini, na tiba hii inaletwa na chuma cha kukwangulia na mswaki.

Kliniki ya wajawazito ni hadithi nyingine. Homoni za mimba huzifanya fizi zivimbe hata kwa ukoga kidogo, na mjamzito akiona damu huambiwa ni kawaida ya mimba. Ni kawaida, ndiyo, lakini ushauri unapoishia hapo mama huacha mswaki kwa kuogopa damu na kwa kichefuchefu, na hali huzidi. Wengine huogopa kugusa chumba cha meno mpaka wajifungue. Hofu hiyo haina msingi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, ukiwa na wanawake 823, ulionyesha kwamba kutibu fizi wakati wa ujauzito ni salama kwa mama na mtoto. Utafiti huo huo, ni haki kulitaja hilo pia, haukuona kwamba tiba hiyo ilipunguza watoto njiti.

Halafu ikaja habari kutoka Lilongwe. Katika vituo 8 vya afya ndani na kandokando ya mji huo wa Malawi, timu iliyoongozwa na Kjersti Aagaard iliwaandikisha wajawazito zaidi ya 10,000. Wote walifundishwa usafi wa kinywa. Katika baadhi ya vituo wakapewa pia chingamu yenye zailitoli ya kutafuna mara moja au mbili kwa siku. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalisema waliojifungua kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 12.6 kwenye vituo vya chingamu na asilimia 16.5 kwenye vituo vilivyotoa elimu peke yake, na fizi za waliotafuna nazo zilikuwa na hali bora. Kwa kuwa vilivyogawanywa ni vituo badala ya mama mmoja mmoja, haifai kukimbilia kuagiza chingamu kwa makontena. Linalostahili kumvutia Mganga Mkuu wa Kyela au Songea ni kwamba kazi hiyo ilifanyika kwenye vituo vya afya vya kawaida, kwa wanawake waliokuja kupima mimba, ng'ambo tu ya mpaka.

Sasa kuhusu mahali ambapo wagonjwa wengi huanzia, napo si hospitalini. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na leo duka hilo ndilo chumba cha kwanza cha ushauri kwa mtu mwenye kinywa kinachomsumbua. Anaeleza kwamba fizi zinavuja damu, anatoka na amoksilini na metronidazoli, mara nyingi zile anazomudu kulipia tu. Uvimbe unapungua kwa siku kadhaa, ugaga unabaki palepale, na baada ya muda anarudi dukani. Mwongozo wa tiba ya fizi uliotolewa Ulaya mwaka 2020 unasema waziwazi kwamba antibiotiki za kumeza zisitumiwe kama kawaida kwa ugonjwa huu. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini husaidia kwa muda mfupi na ikiendelea sana huyapaka meno rangi ya kahawia. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza, hayabandui kitu. Mkaa uliosagwa na mchanga laini hukwaruza jino bila kufika penye ugonjwa.

Zipo hali mbili ambazo antibiotiki ni sahihi na kuchelewa ni hatari, na watoa huduma wazijue. Ya kwanza ni fizi zenye vidonda vya kijivu, ncha zake zikiwa zimeliwa, zenye maumivu makali na harufu inayosikika hatua mbili kabla ya mgonjwa kufika. Mtu mzima mwenye hali hiyo atibiwe siku hiyo hiyo na ashauriwe kupima VVU kama hajui hali yake. Ya pili ni mtoto mwenye utapiamlo, hasa wa miaka 2 hadi 6, ambaye kidonda cha ufizi kinaanza kuenea shavuni. Hiyo inaweza kuwa noma, iliyoingizwa na WHO mwezi Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ikikamatwa mapema hutibika kwa antibiotiki, usafi wa kinywa na lishe. Ikiachwa huua watoto wengi sana, na wanaopona hubaki na uso uliokatika.

Kwa wengine wote, tiba ni kazi ya mikono. Kwanza mgonjwa anafundishwa kupiga mswaki akiulaza kwenye ukingo wa ufizi, mara 2 kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi, na kusafisha kati ya meno. Anaambiwa damu si sababu ya kuacha. Ndiyo sababu ya kuendelea kwa upole. Kama anatumia mswaki wa mti, hakuna haja ya kumdharau, kwani ukitafunwa vizuri na kufika meno ya nyuma unaondoa ukoga. Kama anavuta sigara anasaidiwa kuacha. Kisha ugaga unakwanguliwa, juu ya ufizi na ndani ya mifuko, kwa ganzi inapobidi. Baada ya wiki kadhaa mifuko hupimwa upya, na michache iliyobaki na kina hupelekwa kwa bingwa. Halafu mgonjwa hurudi kila baada ya miezi 3 hadi 12 kulingana na hali yake. Mara hizo za kurudi ndizo wilaya nyingi huzisahau katika mipango, na bila hizo mfuko hujaa tena.

Mashine ya kusafishia meno kwa mtetemo huharakisha kazi, lakini vyuma vya mkono vinavyonolewa vizuri hutoa matokeo yanayokaribiana nayo, na havitegemei umeme. Tanzania haihitaji kuazima ujasiri huo kwa mtu. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa na shule ya meno ya Dar es Salaam, alianza kutibu meno yaliyotoboka kwa vyuma vya mkono peke yake, bila mashine ya kuchoronga. Njia hiyo, ART, ilitembea dunia nzima, na mwaka 1994 WHO ikaipigia debe Siku ya Afya Duniani. Hivyo hoja kwamba hakuna kinachowezekana bila kiti cha kisasa ilijibiwa hapa hapa nchini miaka 40 iliyopita.

Kuna imani moja itakayowasumbua, na ni vizuri kuitangulia. Watu husema kusafishwa meno hospitalini kunalegeza meno. Wanachokiona ni cha kweli, tafsiri ndiyo iliyokosea. Ugaga ulikuwa umeziba nafasi zilizoachwa na mfupa na kuyafunga meno pamoja kama saruji mbovu. Ukiondoka, na uvimbe wa ufizi ukinywea, nafasi zinaonekana na meno yenye mizizi wazi huhisi ubaridi kwa siku au wiki kadhaa. Mtoa huduma akilisema hilo kabla ya kuanza, mgonjwa atarudi. Akinyamaza, mgonjwa atakwenda kuwasimulia majirani, na chumba cha meno kitabaki na koleo yake.

Ombi lenyewe halihitaji jengo. Kwenye kliniki ya kisukari na kliniki ya wajawazito yaongezwe maswali mawili: fizi zako hutoka damu ukipiga mswaki, na je, kuna jino linalocheza au lililohama? Anayejibu ndiyo, na kila mvuta sigara hata akijibu hapana, aangaliwe kwa tochi na apewe karatasi ya kwenda chumba cha meno siku hiyo hiyo, maana akiambiwa arudi Jumatatu hatarudi. Ndani ya chumba cha meno itengwe siku moja ya wiki ambayo tabibu wa meno hapangiwi kung'oa isipokuwa kwa dharura, siku ya kukwangua na kupima mifuko. Kipimo cha mifuko cha WHO, kile chuma chembamba chenye kitone cha nusu milimita nchani, kiwepo na kitumike. Wauzaji wa Duka la Dawa Muhimu waelezwe, katika mafunzo yao ya kawaida, kwamba mwenye damu ya fizi anaelekezwa hospitalini badala ya kuuziwa vidonge. Na wakati utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unapojadiliwa vikaoni, Waganga Wakuu watetee kitita kinacholipia kukwangua ugaga na marudio yake kwa wenye kisukari, kwa kuwa bima inayolipia kung'oa na kusita kulipia usafishaji inanunua hasara.

Pingamizi linajulikana: watumishi hawatoshi. Ni kweli. Takwimu za WHO zinaipa kanda ya Afrika madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, takriban sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia, na wilaya nyingi zinabebwa na matabibu wa meno wasiozidi vidole vya mkono mmoja. Lakini uhaba huo unaelekea upande wa ombi hili. Muuguzi anayeuliza maswali mawili hamchukulii tabibu muda wake, anamchagulia wagonjwa. Na tabibu anayeshinda aking'oa meno yaliyolegea anamaliza siku kwa kazi ambayo ingepungua kama wagonjwa hao wangemfikia miaka kadhaa nyuma.

Kuna jambo la hesabu pia. Mganga Mkuu akitaka kujua wilaya yake imesimama wapi, achukue rejesta ya kinywa na meno ya robo mwaka iliyopita, ahesabu waliong'olewa, kisha ahesabu waliosafishwa ugaga. Halafu achukue faili 30 za kliniki ya kisukari bila kuchagua na atafute ni ngapi zenye neno lolote kuhusu kinywa. Kazi hiyo haimalizi asubuhi moja, na haimsubiri mshauri kutoka nje. Namba zitakazopatikana ziingizwe kwenye mpango wa halmashauri wa mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwenye mstari wa vifaa vya chumba cha meno, kabla timu ya bajeti haijaufunga.

Nakala: Waratibu wa Huduma za Kinywa na Meno wa Wilaya, Wafamasia wa Wilaya, Wauguzi Viongozi wa kliniki za kisukari, wajawazito na CTC